Namna ya Kuchagua Mchoro wa Mchakato wa Kazi

Kabla ya kuchora mchakato wowote, andika kwanza swali unalotaka mchoro ulijibu, kwa kuwa kila aina ya mchoro hudhihirisha jambo moja na kuficha mengine. Tuchukue ununuzi wa vifaa vya ofisi: mtumishi hujaza fomu ya maombi, mkuu wa idara huidhinisha, ofisa ununuzi hukusanya bei na kutoa hati ya ununuzi, mtunza stoo hupokea vifaa, na mhasibu hulipa ankara.

Ukitaka kujua tu hatua zinavyofuatana, mchoro wa kawaida wa mtiririko unatosha: mstatili ni kazi, umbo la almasi ni uamuzi, mshale ni kinachofuata. Chimbuko lake ni chati ambazo Frank na Lillian Gilbreth waliwasilisha kwa wahandisi mitambo wa Marekani mwaka 1921.

Hata hivyo, mchoro huo hausemi nani anawajibika, na hapo ndipo ofisi nyingi zinapoumia. Kwa hiyo napendekeza uanze na mchoro wa safu, ambao kila mhusika hupewa safu yake na kila kazi huwekwa katika safu ya anayeifanya. Kila mshale unaovuka mstari ni makabidhiano, na ni vyema uulize pale nani anajulishwa, kwa hati gani, na nini hutokea asipokuwepo. Chora pia mishale inayorudi nyuma, kwa mfano mhasibu anapoirudisha ankara isiyolingana na hati ya kupokea vifaa. Habari hizi zitafute kwa wanaoifanya kazi yenyewe, maana mwongozo ulioandikwa mara nyingi huonyesha kazi inavyotakiwa kuwa, si ilivyo.

Ikiwa malalamiko ni ucheleweshaji, tumia ramani ya mkondo wa thamani, iliyotokana na viwanda vya Toyota. Chini ya kila hatua andika muda wa kazi na muda wa kusubiri, kila mmoja peke yake; kutia saini huchukua dakika moja, ilhali fomu yaweza kulala mezani siku tatu.

BPMN (Business Process Model and Notation), yaani seti ya alama sanifu za kuchora michakato ya kazi, ambayo toleo lake la 2.0 lilitoka mwaka 2011 na kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2013, ina alama nyingi mno kwa kikao cha watumishi. Itumie pale mchakato unapoingizwa katika mfumo wa kompyuta, na mtengeneza programu umkabidhi pamoja na ule mchoro wa safu ambao watumishi wameukagua.