Somo: Vitamini D na mishipa ya moyo, tuanzie kwenye karatasi ya maabara

Habari zenu wapendwa. Wiki iliyopita baba yangu mdogo alikuja na karatasi mbili za vipimo. Ya kwanza vitamini D 45, ya pili, iliyotoka maabara nyingine, 18. Usingizi ulimruka. Akaacha kidonge cha kolesteroli ili hela iende kwenye makopo ya vitamini D, kwani ameambiwa ndiyo inayozibua mishipa.

Nikamwekea kidole kwenye maandishi madogo kando ya namba. Moja ni nanomoli kwa lita, nyingine nanogramu kwa mililita. Gawa 45 kwa 2.5, unapata 18. Hakuna kilichoshuka.

Hatua ya 1: Elewa mshipa unavyoharibika. Kolesteroli mbaya hupenya ndani ya ukuta wa ateri na kuharibikia humo. Seli nyeupe za damu huja kuila, zinashiba mpaka zinakwama, kisha zinaita nyingine. Huo ndio uvimbe wa ndani, nao huendelea miaka na miaka bila maumivu. Siku utando wa juu ukipasuka, damu huganda pale pale: moyo au ubongo unakosa damu. Sasa, seli hizo zina vipokezi vya vitamini D, na zikichunguzwa maabara, vitamini hiyo huzituliza. Kwa hiyo wazo lenyewe halikuzuka hewani.

Hatua ya 2: Usichanganye dalili na chanzo. Mwaka 2008 utafiti wa Framingham, Marekani, uliofuatilia watu 1,739, ulionyesha kuwa wenye vitamini D ya chini waliugua moyo zaidi. Lakini mgonjwa hukaa ndani, hapati jua, na uvimbe wenyewe hushusha kiwango. Ikabidi watu wapewe vidonge ili ijulikane. Utafiti wa VITAL ulichukua watu 25,871; nusu walimeza yuniti 2,000 kila siku kwa miaka 5 hivi, wengine kidonge kisicho na dawa. Majibu yalitoka 2018: mashambulio ya moyo na viharusi havikupungua. Inauma, maana ni dawa rahisi na wengi wetu tulitamani ifanye kazi.

Hatua ya 3: Soma namba yako. Kipimo ni cha 25-hidroksi vitamini D, yaani vitamini D jinsi inavyozunguka kwenye damu. Kwa nanogramu, chini ya 12 ni upungufu. 20 kwenda juu huwatosha watu wengi.

Hatua ya 4: Jaza pengo, usifurike. Jua, vibua, sadini, kiini cha yai. Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania walipopimwa (matokeo yalichapishwa 2012), wastani wao ulikuwa nanomoli 115 (yaani nanogramu 46), kwa jua tu na maisha ya nje. Ukihitaji vidonge, mtu mzima asivuke yuniti 4,000 kwa siku bila daktari kumsimamia.

MASWALI

*Mwanachama, Sweden:* Dada, mimi ni mweusi, najifunika, na huku majira ya baridi jua halina nguvu. Nifanyeje?

Pima, mdogo wangu, usikisie. Wewe uko kwenye kundi linalopungukiwa kweli, na dozi ndogo ya kila siku pamoja na chakula itakufaa kwa mifupa na misuli. Jambo jingine la kutia moyo: kwenye VITAL, magonjwa ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe yalipungua kwa takriban asilimia 22.

*Mwanachama, Mombasa:* Ikizidi inadhuru mishipa?

Ndiyo. Kalsiamu hupanda kwenye damu, na inaweza kujikusanya kwenye figo na kwenye kuta za mishipa ile ile unayoitetea. Angalia kiu isiyoisha, mkojo mwingi, choo kigumu, kuchanganyikiwa. Mwenye shida ya figo, kifua kikuu, au anayemeza haidroklorothiazaidi kwa ajili ya presha amwambie daktari kabla ya kuanza. Kidonge hicho huzuia kalsiamu kutoka kwa mkojo.

*Mwanachama, Morogoro:* Baba mdogo anaendeleaje?

Amerudia kidonge chake cha kolesteroli, kila usiku baada ya chakula. Vitamini D pia anameza, dozi ndogo, kwa kuwa 18 iko chini kidogo. Kolesteroli tunapima tena mwezi ujao, maabara ile ile.