Namna ya Kuongoza Mjadala wa Silaha katika Mkutano wa Mtaa

Mtaa ukishavamiwa na wezi mara mbili tatu, hakosekani mkazi atakayesimama mkutanoni kudai kwamba kila mwenye nyumba awe na bastola. Mwenyekiti anayeongoza kikao asimzime, kwa kuwa hofu yake ni ya kweli. Ila asiuache mjadala ujiendee.

Kabla ya siku ya mkutano, kaa na mtendaji pamoja na vijana wa ulinzi shirikishi, muorodheshe matukio yenyewe: yalitokea saa ngapi, wahalifu walishika nini na walipitia wapi. Kazi hii ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Panya road, magenge ya vijana waliotia hofu Dar es Salaam mwaka 2022, walivamia nyumba kwa makundi wakiwa na mapanga, na bastola iliyofungiwa kabatini haimfai sana mtu anayezinduka usingizini na kukuta kundi limeshajaa sebuleni. Tena silaha yenyewe huwindwa: waliovamia kituo cha polisi cha Stakishari, Julai 2015, waliua askari na kuondoka na bunduki. Anayetaka silaha ajibu hoja hiyo, na anayezipinga naye aeleze mlinzi wa zamu mwenye kirungu na filimbi atafanya nini usiku wa manane.

Hoja ya haki ya kumiliki silaha ikiibuka, uliza kwa upole inatoka katika katiba ya nchi gani. Marekani wana marekebisho ya pili ya katiba yao, ya mwaka 1791, ambayo Mahakama ya Juu ya huko iliyatafsiri mwaka 2008 kuwa yanampa mtu binafsi haki ya kuweka silaha nyumbani kwa kujilinda. Katiba yetu ya Tanzania ya mwaka 1977 haina ibara ya namna hiyo. Ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi na ya kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake, kwa mujibu wa sheria, na ibara ya 30 inaweka mipaka ya haki zote. Mtetezi wa silaha anaweza kujibu kwamba jamii imeshindwa kumhifadhi. Ni jibu zito, lisichekwe.

Waeleze pia kwamba mkutano hauna mamlaka ya kuruhusu silaha. Chini ya sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2015, silaha humilikiwa kwa leseni, na mwombaji hupitia serikali yake ya mtaa na kamati za ulinzi na usalama. Kwa hiyo badala ya kupigisha kura, kubalianeni mwenyekiti aulize nini kabla ya kugonga muhuri: ulevi, vipigo ndani ya ndoa, ugomvi wa mpaka wa kiwanja. Kujilinda kunatambuliwa na kifungu cha 18 cha Kanuni ya Adhabu, lakini nguvu iendane na hatari, na mwizi anayekimbia na televisheni begani si hatari kwa maisha ya mtu.

Usiruhusu mtu amtaje hadharani jirani anayedhaniwa kuficha gobore. Taarifa hiyo ipelekwe kituoni. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba, hadi mwaka 2030, kuwa wa kusalimisha silaha haramu, na serikali ikitangaza msamaha, bandika tarehe na mahali pa kuzipeleka kwenye ubao wa ofisi ya mtaa.