Jinsi ya Kukadiria Mafuta ya Safari ya Ndege Kati ya Kisumu na Nairobi

Tarehe 14 ya kila mwezi EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli nchini Kenya, hutangaza bei mpya za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Mafuta ya ndege hayamo katika tangazo hilo, ingawa ni ndugu wa damu wa mafuta ya taa. Bei yake ni mapatano kati ya muuzaji na shirika la ndege. Kwa hiyo abiria anayetaka kujua safari yake inakula mafuta kiasi gani hana budi kupiga hesabu mwenyewe, nami ningependa kila msafiri aijue.

Anza na gari, kwa kuwa hilo unaweza kulipima. Jaza tangi mjini Kisumu mpaka pampu ijikate yenyewe, andika kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi, kisha ukifika Nairobi ujaze tena vivyo hivyo. Kupitia Kericho na Nakuru ni takribani kilomita 350, na gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakuwa limemaliza lita 29 hivi, ule mpando wa kuelekea Mau Summit ukiwa umekula fungu lake. Mkiwa wanne, kila mmoja ana lita saba na ushei. Ukiwa peke yako, zote ni zako.

Kwa ndege, njia ya moja kwa moja ni kama kilomita 280. Marubani huhesabu mafuta kwa kilo, na lita moja ina uzito wa takribani kilo 0.8. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba ndege ya propela yenye viti 78 imetumia kilo 800, yaani lita 1,000. Viti vikijaa, kila abiria ana lita 13 hivi; wakipanda 40 tu, kila mmoja anabeba lita 25, kwa sababu ndege yenyewe ina uzito uleule na kiti kitupu hakipunguzi mafuta mengi. Ndiyo maana huwezi kusema ndege ni bora au mbaya kuliko gari kabla hujauliza ni watu wangapi wamepanda.

Tazama pia aina ya ndege iliyoandikwa unapokata tiketi. Safari hii haifiki saa moja, na sehemu kubwa ya mafuta huliwa wakati wa kupaa, kwa hiyo ndege ya propela kwa kawaida hutumia mafuta machache kuliko ya jeti yenye viti sawa na hivyo. Ukikuta herufi YQ au YR katika mchanganuo wa nauli, hiyo ni tozo ya shirika lenyewe, na mara nyingi ndimo gharama ya mafuta inamoingizwa. Usiidhanie kuwa kodi ya serikali.

Familia ya watu wanne inayokwenda mazishini Siaya itatumia angani lita 52 hata ndege ikijaa, ilhali gari lao litawafikisha Kisumu kwa zile 29. Basi la abiria 50 linalokwenda kilomita tatu kwa lita huwapita wote: lita mbili na nusu hazifiki kwa kila mtu.