Ukipata uhuru, anza na masijala

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu hapa Kisumu. Klabu yao ya mdahalo imepewa kazi: mjifanye baraza la mawaziri la nchi iliyopata uhuru jana, mseme mtaishije na mataifa mengine. Alikuja jioni na daftari. Ukurasa wa kwanza ameshachora bendera, chini yake balozi ishirini: London, Washington, Paris, Beijing...

"Mjomba, niongeze zipi?"

Nikamwambia apindue ukurasa. Nimepitisha mizigo mpakani Malaba miaka mingi, na nchi naijua kwa karatasi zake.

Siku ya kwanza fungua faili ulizoachiwa. Mkoloni huondoka akakuachia mikataba aliyotia saini kwa niaba yako bila kukuuliza. Mfano ni hili ziwa letu la Victoria. Mwaka 1929 Uingereza ilibadilishana barua na Misri, ikaahidi kwamba katika maeneo iliyoyatawala haitajengwa mitambo ya umwagiliaji wala ya umeme kwenye Nile na maziwa yake, kama itapunguza maji ya Misri, bila Misri kukubali. Mvuvi wa hapa ufukweni Dunga hakuulizwa.

Sasa ukiichana mikataba yote siku moja, umejikatia na ile unayoihitaji. Ukiimeza yote, umejifunga. Mwaka 1961 Nyerere alipata njia ya katikati: aliuandikia Umoja wa Mataifa kwamba Tanganyika itaendelea kuifuata mikataba ya nchi mbili mbili kwa miaka miwili, huku ikiipitia mmoja mmoja. Muda ukiisha, ule ambao haukukubaliwa upya, na ambao sheria ya kimataifa yenyewe haiudai, basi. Kenya nayo ikafuata njia hiyo. Kwa hiyo kabla ya balozi yeyote, tafuta mwanasheria mmoja na karani wa masijala asiyepoteza faili. Karani ndiye mgumu kupatikana.

Mipaka usiitie kwenye hiyo miaka miwili. Najua, mistari ilichorwa na wageni. Lakini Kisumu hii ilikuwa upande wa Uganda mpaka 1902, na mwaka 1976 Idi Amin alikumbuka jambo hilo akaanza kudai magharibi ya Kenya. Kila jirani ana ramani ya zamani sandukuni. Ndiyo maana viongozi wa Afrika walikubaliana Cairo, Julai 1964, kwamba mipaka ya siku ya uhuru iheshimiwe. Somalia na Morocco zilipinga. Kazi yako ni kutuma wapimaji pamoja na wa jirani mapema, mkiwa bado mnacheka pamoja, na msisahau majini. Kisiwa cha Migingo, humu ziwani, ni jiwe tu lenye mabati, lakini limeshatugombanisha na Uganda kwa sababu ya samaki, mbuta.

Halafu njia ya kwenda baharini. Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011 ikiwa na mafuta, lakini bomba likipita Sudan. Januari 2012 nchi hizo mbili ziligombana juu ya ada, Sudan Kusini ikafunga visima vyake yenyewe, na karibu mapato yote ya serikali yalitoka humo. Ada ya kupita mpatane kabla ya sherehe.

Mimi niliumia kwa udogo zaidi. Nilikuwa na lori la mafuta ya kupikia la kwenda Juba, karatasi zimeandaliwa Juni 2011, zimeandikwa "Sudan". Lilipofika mpakani, Julai imepita nusu. Afisa akaniuliza, huu mzigo unakwenda nchi gani? Siku sita dereva alilala chini ya trela, na mwenye mzigo akanikata kwenye malipo. Basi andika: miezi kadhaa kabla ya uhuru, wapelekee majirani jina la nchi litakavyoandikwa, nakala ya pasipoti, alama za mihuri yako yote, na saini za maafisa wenye ruhusa ya kuipiga.

Kujiunga na Umoja wa Mataifa wala kusikuchoshe. Kura tisa Baraza la Usalama bila mkubwa yeyote kupiga kura ya turufu, kisha theluthi mbili za Baraza Kuu. Sudan Kusini walimaliza kwa siku tano.

Balozi zianze chache: majirani wote, aliyekutawala, New York kwenye Umoja wa Mataifa, Addis Ababa kwenye Umoja wa Afrika, na mnunuzi mkubwa wa mazao yako. Na jina la balozi usilitangaze redioni kabla ya kuuliza kimya kimya kama anakubalika huko. Wanaweza kumkataa bila kukupa sababu.

Msaada pokea pande zote, ila uliza vipuri vitatoka wapi. Hospitali yetu kubwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Imebadilishwa jina, lakini mwambie mwendesha boda "Russia" uone kama atakuuliza njia.

Mpwa wangu alipunguza balozi hadi tisa. Paris alikataa kuitoa. Jana nikamuuliza mdahalo umefikia wapi, akasema wamegawana vyeo: watu saba wanataka uwaziri wa mambo ya nje, na masijala bado haina mtu.