Jinsi ya kupanga safari moja ya Córdoba, Granada na Fes

Msafiri wa Afrika Mashariki anayejaliwa likizo ya wiki mbili na akiba ya kumfikisha Ulaya kwa kawaida hushauriwa aende Paris, apite Roma, kisha arudi nyumbani na picha za majengo ambayo tayari alikuwa akiyajua. Ninapoulizwa, mimi hupendekeza njia nyingine: kuingia Hispania kupitia Madrid, kuteremka kusini kwa treni hadi Córdoba na Granada, kuvuka Mlangobahari wa Gibraltar kwa feri hadi Tangier, nchini Moroko, na kumalizia Fes. Miji hiyo mitatu mikuu ilijengwa na mafundi waliofuata mila moja ya ufundi, na anayeitembelea kwa mfululizo huielewa vizuri zaidi kuliko anayeitembelea kwa safari mbalimbali.

Kuanzia Hispania na kumalizia Moroko kuna umuhimu wake, na sababu ya kwanza ni viza. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda huhitaji viza ya Schengen, ambayo ombi lake hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Viza ya kuingia mara moja hukoma kukufaa pale unaposajiliwa kuwa umetoka Hispania katika bandari ya Tarifa. Kwa hiyo anayeanzia Hispania na kurudi nyumbani kutokea Casablanca hatatizwi na jambo hilo, ilhali anayetaka kwenda Moroko na kurejea Madrid kupanda ndege lazima aombe viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Masharti ya Moroko hutegemea pasipoti uliyo nayo, basi yaulize ubalozini mapema na uyakamilishe kabla ya kupeleka maombi ya Schengen, kwa kuwa afisa anayepitia karatasi zako atataka kuona kwamba unaruhusiwa kuingia huko unakosema unaelekea.

Tarehe zikishapatikana, nunua tiketi ya Alhambra kabla ya kulipia hoteli yoyote. Ngome hiyo ya Granada hupokea idadi maalumu ya watu kwa siku, na tiketi za majira mazuri, yaani Aprili, Mei, Septemba na Oktoba, humalizika wiki kadhaa kabla. Tiketi huandikwa jina na namba ya pasipoti, nayo hutaja saa kamili ya kuingia katika kasri za Banu Nasr, ukoo wa masultani Waislamu waliotawala Granada; anayechelewa hupoteza kasri hizo, hata kama bustani na ngome bado ziko wazi kwake. Kwa sababu hiyo ratiba nzima ijengwe kuizunguka saa ile. Epuka Julai na Agosti, miezi ambayo joto la Córdoba hupita nyuzi 40 mara kwa mara, na uangalie kalenda ya Ramadhani pamoja na juma la kabla ya Pasaka, ambalo hupandisha bei za vyumba kote Andalusia, jimbo hili la kusini mwa Hispania.

Córdoba inatosha kwa siku mbili, na kitu cha kwenda kukiona ni kimoja. Msikiti Mkuu ulianza kujengwa katika miaka ya 780 chini ya Abd al-Rahman wa Kwanza, mtawala Muislamu wa Córdoba, na ukaendelea kupanuliwa kwa takriban karne mbili, kisha mwaka 1236 mji ulipotekwa na Wakristo ukageuzwa kanisa kuu, na bado ni kanisa hadi leo. Ukiwa ndani usikimbilie katikati. Simama karibu na mlango, katika sehemu ya kale kabisa, utazame miguu ya nguzo: nyingine zina kitako, nyingine hazina, na marumaru zake hazifanani rangi, kwa sababu mafundi walizichukua kutoka majengo yaliyotangulia ya Kirumi na ya Wavisigothi, waliotawala Hispania kabla ya Waislamu. Nguzo hizo zilikuwa fupi mno kwa ukumbi mkubwa kiasi hicho, nao wakaliondoa tatizo kwa kujenga tao juu ya tao, la matofali mekundu na mawe meupe, ili dari ipate kuinuka. Matao yale yanayochapishwa kwenye kila kadi ya posta yalizaliwa na uhaba wa nguzo ndefu. Asubuhi za Jumatatu hadi Jumamosi, kuanzia saa mbili na nusu hadi saa tatu na nusu, kuingia huwa bure, na huo ndio wakati ambao makundi ya watalii hayajafika. Muislamu ajue kwamba kuswali humo hakuruhusiwi, na walinzi husimamia katazo hilo bila mzaha.

Treni ya kwenda Granada huchukua chini ya saa mbili. Tafuta malazi katika mtaa wa Albaicín, ulio kwenye kilima kinachoikabili Alhambra, ingawa itakubidi kubeba mzigo juu ya mawe na ngazi. Kila mwongozo humtuma mgeni kwenye uwanja wa San Nicolás kuitazama ngome wakati jua linapozama, na matokeo yake ni kwamba uwanja hujaa watu, magitaa na wauza hereni. Pembeni yake kuna msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, ambao bustani yake inatazama ngome ileile kwa utulivu mkubwa zaidi, na wageni hukaribishwa.

Ndani ya kasri, wakati wako mwingi utumie katika Ua wa Simba. Muhammad wa Tano, sultani wa Granada aliyeujenga, alipinduliwa mwaka 1359 na kukimbilia Fes, akabaki nje ya mji wake hadi aliporejea katika kiti chake mwaka 1362. Ua huu ni kazi ya miaka iliyofuata. Tazama ukuta kuanzia chini: vigae vya rangi vilivyokatwa kimoja kimoja, juu yake plasta iliyochongwa maandishi na majani, na juu kabisa mbao. Maneno yanayorudiwa kila mahali, «wala ghaliba illa Allah», yaani hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu, ndiyo kaulimbiu ya ukoo huo. Ukariri mpangilio huo wa ukuta, maana utakutana nao tena.

Kutoka Granada panda basi hadi Algeciras, kisha basi jingine la mwendo mfupi hadi Tarifa. Feri nyingi za Algeciras huteremsha abiria Tanger Med, bandari iliyo mbali na mji kwa takriban kilomita 40. Za Tarifa huteremsha karibu kabisa na mji mkongwe wa Tangier baada ya kama saa moja majini. Upepo wa mashariki unapovuma kwa nguvu feri za Tarifa husimamishwa, na hapo ndipo mwenye kulala Tarifa usiku mmoja kabla, akiwa na nafasi ya siku ya ziada, humshukuru aliyemshauri. Dirham za Moroko hazipatikani kwa urahisi nje ya nchi hiyo, kwa hiyo zibadilishe au uzitoe kwenye mashine ukishafika.

Tangier ndiko alikozaliwa msafiri mashuhuri Ibn Battuta mwaka 1304, na kaburi linalosemekana kuwa lake limo ndani ya vichochoro vya mji mkongwe. Watu wa pwani yetu wanalo deni dogo la kulizuru, kwani mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa, akausifu mji wa Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri kuliko yote, na baadaye alivuka mlangobahari huu huu hadi Granada. Siku moja na usiku mmoja vinatosha hapa. Treni ya mwendo kasi iliyozinduliwa mwaka 2018 itakupeleka hadi Kenitra, ambako utabadilisha treni kuelekea Fes.

Fes ipewe siku nne, hata kama itabidi Madrid ipunguzwe. Aliyezoea Lamu hatashangaa mji mkongwe usio na magari ambamo mizigo hupita mgongoni mwa punda, isipokuwa kwamba huu ni mkubwa mara nyingi zaidi, na mwenye mnyama akipiga kelele «balak!» unatakiwa kubana ukutani papo hapo. Ingia kwa lango la Bab Bou Jeloud na ujifunze barabara mbili tu, Talaa Kebira na Talaa Seghira, zinazoteremka pamoja hadi katikati ya mji. Kijana atakayekwambia kwamba njia imefungwa mbele, mshukuru na uendelee kutembea. Ukihitaji kiongozi, iombe hoteli ikupatie mwenye kibali rasmi.

Mwanzoni mwa Talaa Kebira ipo madrasa ya Bou Inania, iliyojengwa katika miaka ya 1350 na Sultani Abu Inan, ambaye pia aliamuru Ibn Battuta asimulie safari zake, zikaandikwa na Ibn Juzayy, mwandishi kutoka Granada. Wasio Waislamu huruhusiwa kuingia uani, tofauti na msikiti wa Qarawiyyin ulioanzishwa mwaka 859. Simama katikati ya ua na uanze tena kutoka chini: vigae, plasta, mbao za mwerezi. Jengo hili lilikuwa jipya Muhammad wa Tano alipofika Fes akiwa mkimbizi.

Mahali pa kutengenezea ngozi, Chouara, hutazamwa kutoka kwenye paa za maduka yanayopazunguka. Mlangoni utapewa kitawi cha nanaa ukiweke puani, kwa sababu mabirika meupe yaliyo chini yana chokaa na kinyesi cha njiwa, ambacho amonia yake hulainisha ngozi kabla ya kutiwa rangi. Mwenye duka atatarajia ununue kitu. Usipotaka, mpe sarafu chache kwa ajili ya paa lake na uteremke bila maelezo marefu.

Treni ya Fes hadi Casablanca huchukua kama saa nne, kwa hiyo usipange ndege ya siku hiyohiyo ya asubuhi. Hifadhi pia risiti za kubadilishia fedha, ili dirham zitakazobaki uzirudishe kwenye duka la fedha uwanjani kabla ya kupita ukaguzi wa pasipoti.