Kuchora historia ya barabara kuu ya kijiji: ukuta kwanza, picha baadaye

Juzi nimewasaidia vijana waliokuja na michoro mizuri lakini ukuta wao ulikuwa umeloa. Nami nilianza hivyohivyo.

1. Habari. Zungumza na wazee, kila mmoja kivyake: duka la kwanza lilikuwa wapi, mti gani ulikatwa. Wakitofautiana, chora wanachokubaliana. Picha zao za zamani zipige picha hapohapo, usiondoke nazo. Chagua kisa kimoja kwa kila ukuta. Mji wa Chemainus nchini Kanada, ulioanza kuchora historia yake mwaka 1982, umeigawa katika kuta nyingi.

2. Ruhusa ya mwenye ukuta. Kwa maandishi, ikitaja nani ataufanyia mchoro ukarabati.

3. Ukuta. Mchoro wangu wa kwanza niliupaka juu ya plasta iliyoonekana kavu. Miezi michache baadaye unga mweupe ulichomoza, rangi ikabanduka, na fundi viatu niliyemchora akabaki na nusu ya uso. Maji yanayopanda kutoka kwenye msingi huyeyusha chumvi za ukutani. Yakifika nje yanakauka, chumvi inabaki na kuisukuma rangi.

Kwa hiyo bandika kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50, ukizibe kwa utepe pande zote, ukiache saa 24. Matone yakiwa upande unaogusa ukuta, unyevu unatoka ndani. Yakiwa upande wa nje, ni wa hewani tu. Rudia karibu na ardhi, maana huko ndiko ukuta hudanganya. Tafuta chanzo kabla ya kununua rangi: bomba linalovuja, maji ya paa, udongo uliorundikwa ukutani. Chumvi ifagie kwa brashi kavu. Ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani. Plasta mpya isubiri siku 28 angalau, kisha paka praima (rangi ya kwanza ya kushikia) inayostahimili ukali wa simenti.

Rangi ya mafuta usiiguse. Ukali huohuo hugeuza mafuta kuwa sabuni, rangi ikalainika na kubanduka. Watakuambia hudumu. Kweli, mlangoni. Ukutani tumia akriliki ya nje, yaani rangi ya maji ya kuta za nje.

4. Kuhamisha mchoro. Wengi husifia projekta. Inataka giza, na ikikaa upande kidogo tu nyumba zote zinapinda. Mimi napiga miraba: sentimita 5 za karatasi ni 50 za ukuta, kwa kamba ya chaki na timazi. Usifuate ukingo wa paa, mara nyingi haujanyooka.

5. Kupaka. Juu kwenda chini, mandhari kabla ya watu. Nyekundu na njano za udongo hazipauki upesi kama zile za kung'aa.

6. Kumalizia. Sentimita 30 za chini ziache rangi moja ya giza, tope litarukia hapo. Rangi zilizobaki zifunge vizuri, andika kila kopo lilipaka nini, umkabidhi yule aliyetajwa kwenye karatasi ya ruhusa.