Jinsi ya kumwondoa mkurugenzi wa kampuni na kusajili mabadiliko BRELA

Watu wengi huanzia kwenye kompyuta: wanafungua mfumo wa BRELA (wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni), wanafuta jina la mkurugenzi wasiyemtaka, wanaingiza jipya na kulipia. Ombi linaweza hata kupita. Shida inakuja pale aliyeondolewa anapokwenda mahakamani na kuuliza mkutano uliomwondoa ulikaa lini, na nani aliuitisha. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mkutano wenyewe. Unahusu kampuni za Tanzania Bara zilizosajiliwa chini ya Sheria ya Makampuni, Sura 212.

Kwanza, jua nani ana mamlaka. Wenye uwezo wa kumwondoa mkurugenzi kabla muda wake haujaisha ni wanahisa, katika mkutano mkuu, kwa azimio la kawaida, yaani zaidi ya nusu ya kura zinazopigwa. Wakurugenzi wenzake hawawezi kumfukuza kwenye kikao cha bodi, isipokuwa katiba ya kampuni imewapa nafasi hiyo. Uingereza iliweka haki hii kwenye sheria yake miaka ya 1940, na sheria yetu ya 2002 imeifuata. Kwangu hiki ndicho kifungu chenye nguvu kuliko vyote alivyonavyo mwanahisa, na inasikitisha kuona kampuni za kifamilia zikivunjika wakati kipo.

Bodi ikikataa kuitisha mkutano. Wanahisa wenye angalau sehemu moja ya kumi ya mtaji uliolipiwa wenye haki ya kura wanaweza kuudai. Andikeni barua inayotaja ajenda, wadai wote waisaini, kisha iwasilishwe ofisi iliyosajiliwa ya kampuni. Hakikisheni nakala yenu inagongwa muhuri wa kupokelewa, maana siku zinahesabiwa kuanzia hapo. Siku 21 zikipita bila wakurugenzi kuanza kuuitisha, wadai wenyewe, au wale wenye zaidi ya nusu ya kura za wadai wote, wanaweza kuuitisha ndani ya miezi mitatu. Gharama zao za msingi zitalipwa na kampuni, nayo itazikata kwenye malipo ya wakurugenzi waliokaidi.

Notisi maalumu. Kusudio la kumwondoa mkurugenzi lifike kwenye kampuni si chini ya siku 28 kabla ya mkutano. Kampuni impe mhusika nakala mara moja. Ana haki ya kujieleza kwa maandishi, maelezo hayo yakasambazwa kwa wanahisa, na ana haki ya kusimama mkutanoni na kusema. Msimnyime hata kama kila mtu ameshaamua. Azimio zuri linaweza kubatilishwa kwa sababu hii moja tu. Kumbukeni pia kwamba kumwondoa kwenye bodi hakufuti fidia anayodai kwa mkataba wake wa kazi.

Siku ya mkutano, hesabuni akidi (idadi ya chini ya wanahisa wanaotakiwa kuwepo) kabla ya kufungua, na muhtasari uandike waliohudhuria, hisa za kila mmoja na kura zilivyopigwa. Kama kampuni ina wanahisa zaidi ya mmoja, inatakiwa kuwa na wakurugenzi wasiopungua wawili. Mkiwa na wawili na mnamwondoa mmoja, mteueni mrithi katika mkutano huohuo.

Kama mkurugenzi anajiuzulu kwa hiari, mambo ni mepesi: barua yake iliyosainiwa na azimio la kuipokea vinatosha kuendelea.

Sasa ingia mtandaoni. Sheria inatoa siku 14 kumjulisha Msajili wa Makampuni, aliye BRELA. Tangu 2018 kazi hii inafanyika kwenye mfumo wa usajili wa BRELA, ORS, ambao akaunti yake hufunguliwa kwa namba ya kitambulisho cha NIDA. Kampuni iliyosajiliwa enzi za makaratasi lazima kwanza ihuishe taarifa zake kwenye mfumo, kwa hiyo fanyeni hivyo mapema. Andaa namba za NIDA na TIN za mkurugenzi mpya (raia wa kigeni hutumia pasipoti), muhtasari au azimio, na barua ya kujiuzulu kama ipo. Jaza taarifa, pakua fomu, isainiwe, ichanganue (skani) na kuipandisha mfumoni, kisha lipa kwa namba ya malipo utakayopewa, benki au kwa simu. Ukichelewa kuna faini. Ofisa akirudisha ombi, soma maelezo yake, rekebisha kilichotajwa na uwasilishe tena.

Fuatilia mpaka likubaliwe. Jina la aliyeondoka likibaki kwenye daftari, barua za benki na wadai zitaendelea kumfuata yeye.

Baada ya hapo, omba BRELA taarifa rasmi ya upekuzi wa daftari la kampuni inayoonyesha wakurugenzi wapya. Benki itaidai, pamoja na azimio, kabla ya kubadilisha watia saini wa akaunti. TRA nao wapelekewe mabadiliko. Na kama aliyeondoka ameuza hisa zake, taarifa za wamiliki manufaa (watu halisi wanaoimiliki au kuidhibiti kampuni), zinazotakiwa kisheria tangu 2020, zihuishwe kwa ombi tofauti.